Benvenuto Cellini: mufua zahabu aliyejua bei ya mukono wake

Mwezi uliopita, sisi wa sendika tulisindikiza mwenzetu mumoja kwa munegosia wa zahabu. Mushahara ulikuwa umechelewa myezi mitatu, na watoto wake walikuwa wamefukuzwa ku masomo. Alikuja na pete ya ndoa ya bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa amekubali. Ilikuwa pete ya zamani. Pembeni mufundi alichora majani madogo-madogo, ndani aliandika majina mawili. Munegosia hakuangalia majani, hakusoma majina. Aliitupa kwenye balansi, akasoma gramu, akahesabu franga. Kazi ya ule mufundi, bei yake ilikuwa zero.

Tulirudi bila kusema mingi. Lakini tangu ile siku tunafikiri juu ya mutu mumoja wa zamani sana, ambaye maisha yake yote aligombana na watu juu ya hili neno: zahabu ina bei yake, na mukono wa mutumikaji una bei yake. Jina lake Benvenuto Cellini. Alizaliwa Florence, katika inchi ya Italia, tarehe 3 Novemba 1500. Alitengeneza pete za maPapa na za wafalme. Wandugu wasomaji, tunawaomba mutufuate kidogo katika maisha yake.

Pete katika ile siku

Kwanza tueleze pete ilikuwa nini kwa wale watu, maana haikuwa pambo tu. Mukubwa alikuwa na pete ya muhuri: aliikandamiza juu ya nta, na barua ikawa na nguvu ya sheria. Askofu alivaa pete ya kazi yake, vile wakristo wanaona mpaka leo. Papa alikuwa na pete ya muhuri ambayo ilivunjwa wakati alikufa, ili mutu asiitumikishe kwa kudanganya. Bibi na bwana waliooana walikuwa na pete zao. Kulikuwa hata pete mbili zinazoingiliana, zinafanya moja.

Katika miaka ya zamani zaidi, mafundi walijua kusugua jiwe mpaka likuwe na mugongo wa mviringo, lenye kungaa sawa tone la maji. Kulikata jiwe gumu lilikuwa jambo lingine. Almasi, ile tunaita diama, walikuwa wanaiacha na ncha yake vile ilitoka kwenye udongo. Kisha wakajifunza kuisugua kwa unga wa almasi yenyewe, mpaka uso wake ukuwe sawa na meza. Na kwa sababu ile almasi haikukuwa na nyuso nyingi za kucheza na mwangaza, mufua zahabu njo alipaswa kuisaidia. Alijenga nyumba ya jiwe juu ya pete, akazungusha zahabu nyembamba, akaikandamiza kidogo kidogo mpaka jiwe lishikwe bila gundi. Chini ya jiwe jekundu au la kijani aliweka karatasi nyembamba sana ya metali yenye rangi. Chini ya almasi alipaka rangi nyeusi. Haikuwa wizi, wanunuzi walijua, na ilikuwa sehemu ya ufundi. Pembeni akaweka emai, ni kusema rangi ya kioo inayoyeyushwa motoni: nyeupe, nyeusi, buluu. Moto ukizidi kidogo, yote imeharibika.

Ile kazi yote, juu ya kitu kidogo kuliko mufuniko wa chupa. Njo ile Cellini alijifunza.

Mutoto aliyeitwa Karibu

Benvenuto maana yake ni Karibu. Wazazi wake walikuwa wamekaa miaka mingi kabla ya kupata watoto, na wakati huyu alikuja walingojea musichana. Baba, muzee Giovanni, alipoona ni mwanaume, alimupa lile jina kwa furaha.

Muzee alikuwa fundi wa vyombo vya muziki na mupiga filimbi, na alitaka mutoto wake apige filimbi vilevile. Mutoto alichukia filimbi. Wakapigana hivi miaka mingi, bila fimbo, kwa machozi tu. Akiwa na miaka 15, akaingia kwa nguvu katika duka la mufua zahabu anaitwa Marcone. Baba hakutaka apokee mushahara wa mwanafunzi, ili apate nafasi ya kuchora vile alipenda. Mutoto akabakia.

Florence ilikuwa fasi nzuri ya kujifunza. Wachongaji wakubwa kama Ghiberti na Verrocchio walianzia katika maduka ya zahabu. Wafua zahabu walikuwa katika chama kimoja na watu wa hariri, chama chenye nguvu mukini. Lakini tusijidanganye: wenye maduka njo waliongoza kile chama. Kijana aliyefagia, aliyepuliza moto na kusugua metali, hakuwa na neno.

Cellini alijifunza haraka, na aligombana haraka. Akiwa na miaka 16 alifukuzwa Florence myezi sita juu ya kupigana barabarani. Akaenda Siena, akatafuta duka la mufua zahabu, akatumika. Mwaka wa 1519 akaingia Roma. Mwaka wa 1523 akapigana tena Florence, tribinali ikamuhukumu, akakimbilia Roma moja kwa moja. Hatutaficha: huyu mutu alikuwa na hasira mbaya, na mbele tutasema mabaya yake mengine.

Bei ya pete ya chuma

Katika Roma alipata bibi mumoja tajiri wa jamaa ya Chigi. Alimupa almasi zilizopangwa kama ua, azipange upya katika zahabu. Katika lile duka kulikuwa mufundi mwenzake, Lucagnolo, aliyekuwa anatengeneza chombo kikubwa cha feza cha meza ya Papa. Lucagnolo alimucheka: kazi kubwa njo inaleta franga, vitu vidogo vinaleta njaa. Wakashindana. Siku ya malipo kila mutu akafungua mufuko wake mbele ya wafanyakazi wote. Wa Lucagnolo ulikuwa na feza. Wa Cellini ulikuwa na zahabu, na ulishinda ule mwingine. Lucagnolo akaona haya.

Lakini jambo tunalopenda kuliko yote ni la pete za chuma. Katika udongo wa Roma watu waliokota mitungi ya zamani yenye majivu ya wafu, na ndani pete za chuma zilizotiwa zahabu. Rafiki za Cellini wakamuomba atengeneze za namna ile. Akachukua chuma kigumu, ile tunaita asie, akachora michoro kwa patasi ndogo, akajaza zahabu ndani ya ile michoro, akapiga nyundo, akasugua. Kuhusu moja ya zile pete anasema alipokea zaidi ya skudi 40 juu ya kazi ya mikono peke yake. Skudi ilikuwa franga ya zahabu ya wakati ule.

Mufikirie, wandugu. Chuma. Kitu ambacho munegosia wetu hangeweka hata kwenye balansi. Zahabu iliyotiwa ndani ilikuwa kama uzi. Kile kilicholipwa ni macho na mukono. Kwa sisi tunaotumika chini ya udongo, lile ni somo kubwa kuliko hotuba.

Furu juu ya ngome

Tarehe 6 Mei 1527 vita ikaingia Roma. Majeshi ya Kaisari Karolo wa Tano, askari wasiolipwa mushahara tangu siku nyingi, wakavunja muji na kuuiba. Papa Klementi wa Saba akakimbilia ngome ya Castel Sant'Angelo, na Cellini ndani pamoja naye, akipiga mizinga.

Siku moja Papa akamuita kwa siri. Franga zilikuwa zimekwisha. Akamupa mataji na mapambo yote makubwa, akamuambia aondoe mawe katika zahabu. Mawe yakashonwa ndani ya nguo za Papa na za mutumishi wake. Zahabu ikabaki, karibu libra 200. Cellini akajenga furu ndogo kwa matofali kule juu, akayeyusha yote.

Tunafikiri ile kazi ilikuwa nzito kwa mutu kama yeye. Ile zahabu haikuwa mabonge. Ilikuwa kazi ya wafua zahabu waliokufa, miaka na miaka ya macho kuumwa mbele ya taa. Moto haukuuliza ni mukono wa nani. Kisha, katika majivu ya furu, akaokota punje ndogo za zahabu, karibu libra moja na nusu, akajiwekea. Mbele ya Papa aliungama, akasamehewa. Lile jambo la majivu tulikumbuke, maana litarudi.

Almasi ya Kaisari

Vita ilikwisha, Cellini akatumika tena. Alitengeneza chapa za franga za Papa. Alitengeneza kifungo kikubwa cha joho la Papa, na katikati almasi kubwa, na juu yake Mungu Baba amekaa, mukono umeinuliwa kubariki. Wafundi wengine waliweka almasi katikati ya kifua cha Mungu Baba; yeye aliifanya kiti cha Mungu, ili jiwe na kazi visaidiane.

Mwaka wa 1536 Kaisari Karolo yuleyule alifika Roma, akamupa Papa mupya, Paulo wa Tatu, almasi ya skudi 12.000. Papa akamupa Cellini aiweke katika pete ya kidole chake. Hatari ilikuwa kubwa. Ile almasi ilikwisha kupakwa rangi chini na Miliano, fundi wa Venezia, aliyehesabiwa mwalimu wa wote. Wafua mawe wa Roma, na wa kwanza wao Gaio, walisema wazi kama huyu kijana ataiharibu.

Pete yenyewe ilikwisha kwa siku mbili. Kazi ngumu ilikuwa ile isiyoonekana. Kwa rangi ya almasi mafundi walikusanya masizi ya taa, wakayachanganya na gundi ya muti inayoitwa mastiki na mafuta. Kila almasi inataka mchanganyiko wake: moja inapenda laini, moja inapenda nguvu. Cellini alijaribu na kujaribu. Kwanza alipata rangi yenye kulingana na ya Miliano. Hakutosheka. Akatengeneza nyingine. Kisha akawaita wafua mawe watatu waje wahukumu. Akawaonyesha almasi na rangi ya Miliano, wakaisifu. Akaisafisha, akaweka yake, akawaonyesha tena. Hata Gaio aliyekuja na maneno makali alikubali. Walisema jiwe la 12.000 sasa ni la 20.000.

Skudi 8.000 zilizaliwa wapi? Haikuongezeka hata punje ya almasi. Zilizaliwa katika masizi ya taa na katika akili ya mutumikaji. Na tuseme ukweli: zile 8.000 hazikuingia katika mufuko wake. Zilibaki kwenye kidole cha Papa.

Boloko, na jiwe lililomuokoa

Sasa tuseme mabaya. Mwaka wa 1529 Cellini alimuua askari aliyemuua ndugu yake. Mwaka wa 1534 alimuua Pompeo, mufua zahabu mwenzake, kwa kisu, barabarani. Papa Paulo akamusamehe, kwa sababu alihitaji mikono yake. Wakubwa walimusamehe damu. Mwaka wa 1538 walimufunga juu ya zahabu.

Mutumikaji wake mwenyewe alimushitaki kama aliiba mawe ya Papa wakati wa vita, kule kwenye furu. Wakapima hesabu, wakatafuta katika madaftari, hawakuona jiwe lililopotea. Hata hivyo wakamuweka katika ngome ileile. Akakata mashuka vipande, akashuka ukuta usiku, akavunjika muguu, wakamurudisha. Wakamutia katika shimo lenye maji.

Katika ile boloko, anaeleza, adui mumoja alimupa fundi almasi aisage, unga utiwe katika chakula. Watu wa wakati ule waliamini unga wa almasi unakata matumbo. Cellini alisikia kitu kinakwaruza kwenye meno, akaona punje zinangaa katika sahani. Akaomba, akajiweka tayari kufa. Kisha mufua zahabu akaamuka ndani yake. Akachukua punje moja, akaiweka juu ya jiwe la dirisha, akaikandamiza na ncha ya kisu. Ikawa unga. Almasi haikubali kisu. Kumbe ule fundi alikuwa maskini, akajiwekea almasi na kusaga jiwe la bei ndogo. Umaskini wa mutumikaji mumoja uliokoa maisha ya mwingine.

Chumvi ya mufalme, na furu ya Florence

Mwisho wa 1539 alitoka boloko kwa maombezi ya kardinali mumoja na ya Fransisi wa Kwanza, mufalme wa Ufaransa. Huyu mufalme alimupa mushahara wa skudi 700 kwa mwaka, sawa na ule alimupa Leonardo da Vinci. Kule Paris alimaliza, mwaka wa 1543, chombo cha chumvi cha zahabu na emai: mwanaume ni bahari, mwanamuke ni udongo, miguu yao inaingiliana. Chumvi iko katika mashua, pilipili iko katika nyumba ndogo. Urefu wake haufike sentimetri 30, lakini macho hayachoke.

Mwaka wa 1545 akarudi Florence kwa Duke Cosimo. Bibi wa Duke, Eleonora, alimuagiza pete ya kidole kidogo: akachonga watoto wane na nyuso nne, na matunda ya emai, wote wakiizunguka almasi. Na mikono ileile iliyochonga watoto wadogo kuliko punje ya muhindi ikasimamisha Perseus wa bronzi, mukubwa kuliko mutu. Siku ya kumimina, mwaka wa 1549, alikuwa na homa kali, akaenda kulala. Wakaja kumuambia metali imeganda ndani ya furu. Wenzetu wa fonderi wanajua vile moyo unaanguka ukisikia lile neno. Akaamuka, akaongeza kuni kavu, mufuniko wa furu ukapasuka, na kwa sababu bati lilikuwa limepunguka akatupa ndani sahani na vyombo vyote vya nyumba yake, karibu 200. Metali ikatembea. Sanamu ikatoka nzima, ila vidole vya muguu mumoja. Inasimama kule mpaka leo.

Watu wa Florence walishangilia mwaka wa 1554. Cellini akaomba skudi 10.000. Wakapima 3.500, na hata zile walimulipa kidogo kidogo, miaka na miaka, akiandika barua na kungojea kwenye milango ya wakarani. Mwaka wa 1557 tribinali ya Florence ikamuhukumu kwa uasherati na kijana wa duka lake. Akabaki amefungwa nyumbani. Tunalisema kwa sababu ni kweli, na kijana wa duka hakuwa na sendika ya kumutetea.

Kilichobaki

Tangu 1558 alianza kusimulia maisha yake. Yeye alikuwa anatumika, na mutoto wa miaka 14 alikuwa anaandika. Mengi tuliyoeleza yanatoka mule, na Cellini alipenda kujisifu sana. Lakini mwaka wa 1568 alichapisha buku lingine juu ya ufundi wenyewe: namna ya kuweka jiwe katika pete, ya kupika rangi ya almasi, ya kuchoma emai. Mafundi wengi walificha siri zao mpaka kaburini. Yeye aliziandika ili wengine wajifunze. Alikufa tarehe 13 Februari 1571.

Na pete zake? Leo hakuna hata moja inayojulikana kwa hakika kama ni ya mukono wake. Pete ya Paulo wa Tatu haiko. Kifungo cha Papa Klementi kiliyeyushwa mwaka wa 1797, wakati Papa alilazimishwa kulipa Ufaransa ya Bonaparte. Imebaki michoro tu. Kati ya kazi zake kubwa za zahabu, ni chombo cha chumvi peke yake kimepona, kiko katika myuze ya Vienna. Mwaka wa 2003 mwizi alikiiba, na mwaka wa 2006 kikaokotwa ndani ya sanduku, kimezikwa katika pori. Hata mwizi hakukiyeyusha. Maana kama bonge, ni kilo chache za zahabu. Kama kazi ya Cellini, hakuna balansi ya kukipima.

Sisi watu wa mines tunatoa udongo wenye mali, unatoka inchini ndani ya mifuko, na watu wa mbali wanautia mikono yao, kisha unarudi kwa bei ambayo hatuwezi kulipa. Tunagombana kila mwaka juu ya mushahara, na ni haki. Lakini Cellini anatuonyesha ugomvi wa pili: watoto wetu wajifunze ufundi. Mwenzetu yule hakuweza kukomboa pete ya bibi yake. Tulipata franga kidogo kidogo kati yetu, tukarudi kwa munegosia baada ya siku sita. Ilikuwa imekwisha kuyeyushwa.